BUNDUKI FUPI HAIWINDI NYAMA



Tangu tuliporudi kutoka vakansi ya Pasaka, watu saba wameniuliza swali moja. Wengine waliniuliza kwa siri pale kwenye bomba la maji, wengine kwa kucheka wakati wa kula, na mmoja aliniandikia kikaratasi bila kutia jina lake. Swali lao ni hili: "Kapita, nkambo yako ni mfua chuma. Hawezi kututengenezea pistole moja, ya kujaza baruti kwa mdomo, tuwe tunakwenda nayo porini siku ya posho kutafuta kanga na kabuluku?"

Sababu ya swali hili inajulikana na kila mtu anayelala katika interna. Siku ya kwanza bukari na maharagi, siku ya pili bukari na sombe, siku ya tatu bukari na maharagi tena. Siku ya Mungu tunapewa samaki mkavu, na samaki yule anagawanywa mpaka mwingine anapata harufu tu. Mtu wa miaka kumi na sita anatamani nyama. Hiyo haiko zambi.

Kapita ana jibu lake fupi, nalo liko kwenye karatasi ya amri iliyobandikwa mlangoni: silaha haiingii katika interna, na anayeingiza silaha anatoka pamoja nayo. Ningeweza kuishia pale. Lakini nimeona kwamba amri peke yake inamfanya mtu aache kuuliza, haimfanyi aache kutaka. Kwa hiyo leo sijibu kama kapita. Ninajibu kama mjukuu wa mfua chuma, ambaye nilianza kuvuta mivukuto nikiwa na miaka saba. Ninawajibu wote saba mara moja, pamoja na wale wanaotaka kuuliza na hawajathubutu.

Nkambo anakaa upande wa ziwa Kisale, katika nchi ya Baluba. Kazi yake ya kila siku ni majembe, mashoka, visu, na siku hizi kinga za watu zilizovunjika. Kazi hii haikuletwa na mgeni. Watu waliochimba makaburi ya zamani kule Upemba waliona kwamba wazee wetu walizikwa na vitu vya chuma. Pale Kamilamba, katika kaburi lenye zaidi ya miaka elfu moja, walikuta shoka la heshima na fuawe la chuma limewekwa karibu na kichwa cha marehemu. Mtu hawekewi fuawe kichwani kama kazi ya chuma ni kazi ya kudharauliwa. Ninasema hivi mapema, ili mtu asifikiri kwamba ninaandika kwa kumcheka nkambo ama kwa kuona haya juu ya masizi yake. Mimi ninaona fahari.

Nyuma ya mlango wa nyumba yake inatundikwa gobole ya baba yake. Ni bunduki ndefu. Ukiisimamisha chini, mdomo wake unafika kifuani mwangu. Inajulikana kwa chifu, na karatasi yake iko katika sanduku pamoja na kadi ya ubatizo. Mwindaji wa gobole anamwaga baruti kwa mdomo, anashindilia na ufito, anatia risasi, anashindilia tena, anaweka fataki, halafu anangoja. Anangoja sana, kwani atapiga mara moja tu. Kujaza tena ni kazi ya dakika nzima, na hakuna nyama inayomngojea mtu dakika nzima. Kwa hiyo mwindaji wa kweli anajifunza upepo, nyayo, saa ya kunywa maji, na namna ya kukaa bila kukohoa. Nkambo anasema bunduki ni kazi ya mwisho ya mwindaji, na ni ile ndogo kupita zote.

Je, bunduki hizi zilitoka wapi? Katika karne ya 19 wafanya biashara walizileta kutoka pande mbili: wengine kutoka pwani ya Mashariki kupitia Tabora, wengine kutoka Bihe katika Angola. Mwami Msiri, aliyetoka Unyamwezi na kujenga Bunkeya, alipata nguvu kwa kubadilisha shaba na pembe za tembo na watumwa kwa bunduki na baruti. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu waliokuja na bunduki bora kuliko zake. Mwaka mmoja na nusu mbele ya kifo chake, tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi mapatano kule Bruxelles. Mapatano yale yalikataza kuingiza bunduki mpya katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaacha mlango mdogo kwa bunduki za gumegume na baruti ya biashara, chini ya ulinzi wa serikali. Hivi bunduki ya kujaza kwa mdomo ikakaa kwetu wakati Ulaya walikuwa wamekwisha kuisahau. Ilipovunjika, haikuwa na fundi mwingine isipokuwa mfua majembe. Alijifunza kuitengeneza, na kwa kuitengeneza akajifunza kuifanya.

Hiyo ndiyo asili ya ufundi wa nkambo. Sasa tuje kwa pistole.

Wenzangu wanafikiri kwamba pistole ni bunduki ile ile, imekatwa tu ili iwe nyepesi. Wanafikiri kama mtu anayekata kalamu ya risasi: hata ikiwa fupi inaandika. Lakini bunduki si kalamu. Tuchukue somo la fizike, ambalo wengi wetu tunalisoma kwa ajili ya mtihani wa Serikali tu, halafu tunalifunga ndani ya kitabu.

Baruti ikiwaka inageuka gesi, na gesi inasukuma risasi ndani ya kasiba. Wakati risasi iko ndani, inasukumwa. Ikitoka tu, kusukumwa kumekwisha. Baruti nyeusi haina nguvu nyingi, maana zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi hata kidogo, inabaki moshi na uchafu. Kwa hiyo inahitaji njia ndefu ili kufanya kazi yake. Kasiba ikiwa fupi, risasi inatoka mbele ya kupata mwendo wake, na moto uliobaki unapotea mbele ya mdomo. Macho yanaona moto mkubwa na masikio yanasikia kishindo kikubwa, na mtu anasema, "Ina nguvu!" Kumbe ule moto ndio nguvu iliyopotea. Tena tunajua kwamba nguvu ya kitu kinachokwenda inafuata mwendo mara mwendo. Ukipunguza mwendo kuwa nusu, nguvu inabaki robo.

Hesabu ya pili ni ya macho. Gobole ndefu inakaa begani, mkono mmoja mbele na mwingine nyuma, na jicho linafuata kasiba yote. Pistole inashikwa mbele ya mwili, na kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa kule mbali. Ukitikisika upana wa kidole kimoja kwenye kasiba fupi, kwa hatua thelathini risasi imepita mbali na kabuluku. Kama haikupita mbali, imempata tumboni ama mguuni. Atakimbia. Atakwenda kufa katika matete siku ya pili, na fisi atakula nyama ambayo wewe uliitoa jasho. Nkambo anachukia jambo hili kuliko kurudi mikono mitupu. Kwake mwindaji anayejeruhi bila kuua ni kama mwizi: amechukua uzima, na hakuna mtu aliyekula.

Hesabu ya tatu ni ya mkono wako mwenyewe. Wenzangu wanasema, "Tutatafuta tiyo ya maji, tutampelekea." Tufikiri kidogo juu ya tiyo. Ilifanywa kwa ajili ya maji. Maji yakiwa na kimo cha mita 10 yanasukuma kwa nguvu ya atmosfera moja hivi. Kama tanki iko juu kwa mita 30, tiyo ya chini inabeba kama atmosfera tatu. Baruti inapowaka ndani ya kasiba inafika mamia ya atmosfera kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho. Tena tiyo nyingi zimekunjwa kutoka bamba la chuma na kuunganishwa kwa mshono. Mshono ule hauonekani kwa nje, umefunikwa na rangi, lakini baruti inaujua. Pia uchafu wa baruti unavuta maji ya hewa na kula chuma. Ndiyo maana nkambo anaosha gobole na maji ya moto siku ile ile, hata akirudi usiku, hata akiwa na homa. Tiyo iliyopiga mara tano bila matata haijaonyesha kwamba ni nzima. Imeonyesha kwamba siku yake bado.

Haya sikuyasoma katika kitabu tu. Mtoto wa muyomba wangu alikuwa na miaka kumi na mitano wakati wa vakansi kubwa. Hakumwomba nkambo kitu, kwani alijua jibu. Alijitengenezea mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa tiyo aliyoipata, kwa mti na waya. Mara ya kwanza ilipiga, na watoto wote walipiga kelele ya furaha. Mara ya pili ilipiga. Mara ya tatu tiyo ilifunguka kwenye mshono kama ganda la haragi.

Nilikuwako katika kijiji siku ile. Sitaeleza yote. Tulimfunga mkono na kitenge cha mama yake, tukampakia katika mtumbwi, tukapiga kafi mpaka usiku, kisha kinga, kisha hospitali. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kuume, na jicho moja tangu siku ile linaona ukungu tu. Baba yake aliuza mbuzi wote, na mtumbwi ule ule uliompeleka.

Yule ndugu alikuwa anaandika vizuri kupita sisi wote katika jamaa. Wazee walimpa kazi ya kuandika barua zao. Baada ya mkono kupona alikaa nyumbani mwaka mzima, halafu akarudi kalasini na kuanza kuandika kwa mkono wa kushoto, polepole, mistari ikipanda na kushuka kama ya mtoto wa kalasi ya kwanza. Leo anaandika. Si kama zamani, lakini anaandika. Nilimwambia kwamba ninataka kueleza habari yake katika gazeti letu. Akanijibu kwa kikaratasi cha mkono wake wa kushoto: "Andika, lakini usiandike jina langu. Andika kama nilikuwa mwerevu, juu wanafikirika asema ni bajinga tu njo inabafikaka." Nimetii. Alikuwa mwerevu, na bado ni mwerevu. Chuma hakikumuuliza alama zake za darasani.

Ninajua neno ambalo mmoja wenu atasema, maana alikwisha kunijibu hivi: "Lakini wazungu wanawinda na pistole, hata za kujaza kwa mdomo." Ni kweli. Katika Marekani, pahali pengine sheria inaruhusu, na watu wengine wanapenda kuwinda hivyo kwa kujipima ustadi. Lakini tuulize pistole ile ilitoka wapi. Katika mji wa Liège, kule Ubelgiji, kiwanda cha ufundi wa bunduki ni cha zamani sana, na bunduki nyingi zilizouzwa Afrika katika karne ya 19 zilitoka pale. Tangu mwaka 1672 mji ule una nyumba ya kujaribia bunduki. Wanachukua kasiba, wanaijaza baruti kupita kipimo cha kawaida, wanaifunga mahali ambapo haiwezi kuumiza mtu, wanaipiga. Ikipasuka, imepasuka pale. Ikibaki nzima, wanaigonga chapa. Gobole ya nkambo ina chapa ndogo kwenye kasiba, imelika na kutu lakini bado inaonekana, na nkambo anaigusa kwa kidole kila anapoifuta. Hasomi Kifaransa. Lakini anajua maana yake: kuna mtu aliyeijaribu kasiba hii mbele yako.

Basi ninyi mnaotaka pistole ya tiyo, nani ataijaribu? Nyumba yenu ya kujaribia ni mkono wenu.

Mpaka hapa nimesema juu ya chuma na baruti. Mtu mwenye akili anaweza kunijibu: "Vema, kapita, tutatafuta chuma kizuri, tutakuwa na uangalifu." Kwa hiyo ninaleta neno la nkambo mwenyewe, ambalo halihusu chuma.

Miaka miwili iliyopita vijana wanne walikuja kwake jioni. Hawakuwa watu wabaya. Wawili nilicheza nao mpira. Walileta feza ya kutosha kununua magunia mawili ya mahindi, na wakati ule paa la nyumba ya nkambo lilikuwa linavuja. Mimi nilikuwa ninapanga makaa. Walimsalimu kwa heshima, wakakaa, wakaeleza haja yao.

"Nkambo, tunataka paka ya mufupi. Ile ya murefu inasumbuaka mu pori, inashikamaka na miti."

Nkambo akauliza: "Mutaibebaka wapi?"

"Chini ya koti."

"Juu ya nini chini ya koti?"

"Juu batu basiione."

Nkambo alinyamaza, akageuza jembe katika moto. Halafu akasema: "Bana bangu, niko muzee, nimewinda miaka mingi. Sijaona kanga yenye kuuliza mutu kama eko na kitu chini ya koti. Kabuluku anasikia harufu yako, anasikia miguu yako, koti haimuhusu. Muniambie basi, ni nyama gani munaificha bunduki?"

Hakuna aliyejibu.

"Mwenye kufichwa bunduki ni mutu," akasema. "Bunduki ya murefu kila mutu anaionaka, mama anaiona, chifu anaiona, anajua: huyu anaenda mu pori. Ya mufupi haiendake mu pori. Ikienda mu pori leo, kesho itarudi mu njia. Miye nafuaka chuma ya mashamba na ya nyama. Ya batu, hapana."

Akawarudishia feza yao na mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi. Vijana walikwenda bila kuaga. Mvua ya mwezi ule iliingia ndani ya nyumba kama kawaida, tukaweka sufuria chini ya tundu.

Nimefikiri sana juu ya ulizo lile. Ninaliona kuwa kubwa kuliko fizike yangu yote, kwa sababu linaondoa udongo juu ya jambo lililozikwa. Kwa nini tunataka ile fupi? Tunasema: kwa sababu ni nyepesi. Lakini mishale ni myepesi kupita, na hakuna aliyeniomba mishale. Tunataka fupi kwa sababu inaingia katika mfuko wa shule, chini ya godoro, chini ya koti. Na kitu kikishaingia chini ya koti, hakihusu tena kanga. Leo tunakificha kwa Bwana Prefe. Kesho kuna ugomvi juu ya mpira, ama juu ya binti, ama juu ya deni la mia tano, na mkono unakumbuka kitu kilicho chini ya koti. Sisemi kwamba yeyote kati ya wale saba ana moyo wa kuua. Ninasema kwamba hasira inapita upesi kama mvua ya Septemba, lakini risasi ikitoka hairudi.

Tena sisi ni watu wa Katanga, si watu wa nchi ambayo silaha ni mchezo. Kati ya mwaka 2011 na 2014, katika pembetatu ya Mitwaba, Manono na Pweto, vijiji vilichomwa na watu wengi sana walikimbia makwao. Wengi wetu tulibebwa mgongoni mwa mama zetu wakati ule. Wengine katika shule hii hawana baba kwa ajili ya miaka ile, na wanajua kuliko mimi. Katika makundi yale wengine walikuwa na bunduki za kiwanda, na wengine walikuwa na bunduki za kufuliwa kijijini tu. Kwa hiyo askari kwenye barieri akikuta kitu kifupi cha chuma chini ya nguo yako, hatakuuliza habari za kanga. Hatauliza kama una mtihani. Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inakataza kutengeneza ama kushika silaha bila ruhusa, na haitofautishi kati ya mwanafunzi mwenye njaa na mnyang'anyi. Ukiwa na bahati utakwenda mahakamani. Ukikosa bahati hutafika huko.

Sasa nimewanyang'anya pistole, na bado sijawapa nyama. Si haki kuishia pale.

Tukubali kwanza kwamba nyama yenyewe ya porini imepungua. Mbuga ya Upemba iliwekwa mwaka 1939, na wazee wanasema zamani nyama walionekana hata mbali na mipaka yake. Leo mtu anatembea siku nzima. Mwaka 2005 mtaalamu mmoja alionyesha kwamba swala wa maji anayekaa katika mabonde yetu ya Upemba ni aina yake mwenyewe, tofauti na wale wa Zambia, akapewa jina la kitaalamu Kobus anselli. Hakai pahali pengine duniani isipokuwa kwetu. Wakati watu wa mbali walipojua kwamba yuko, sisi tulikuwa tumekwisha kumla karibu kummaliza. Sheria ya uwindaji namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inataka ruhusa na nyakati, na wengi tunaidharau kana kwamba ni maneno ya watu wa Kinshasa tu. Lakini nkambo, ambaye hajaisoma, anafuata sehemu yake kubwa: hapigi mama mwenye mimba, na wakati wa kuzaa anatundika gobole.

Kwa hiyo nimepeleka maombi mengine kwa Bwana Prefe, na nimepata ruhusa yake kuyaandika hapa. Nyuma ya jiko kuna kibanda cha zamani cha makaa ambacho hakina kazi. Kinaweza kuwa nyumba ya sungura na mabata. Sungura anazaa baada ya mwezi mmoja tu wa mimba, na anakula majani ambayo sisi tunayang'oa kila siku ya posho kwa adabu ya walioadhibiwa. Maganda ya jikoni yanatupwa, mabata watayaokota. Hatutakula nyama kila siku. Lakini mpaka mwisho wa mwaka wa masomo ujao, interna inaweza kuonja nyama yake mwenyewe mara kwa mara, bila mtu kupoteza kidole. Mimi nitakuwa nimeondoka. Ninawaachia ninyi wa kalasi za chini, na ninaomba wale saba wawe wa kwanza kuandikisha majina yao, kwani wameonyesha kwamba wana njaa, wana akili ya kutafuta njia, na hawaogopi kazi ya mikono.

Nkambo ameahidi bawaba, misumari na kufuli ya mlango wa kibanda. Hataki feza. Ameomba jambo moja: vijana wawili ama watatu wamfuate wakati wa vakansi kubwa wakavute mivukuto, maana mkono wake wa kuume unatetemeka sasa, na katika wajukuu ni mimi peke yangu ninayejua rangi ya chuma kilichoiva. Mimi nitakuwako, mpaka majibu ya mtihani wa Serikali yatoke. Anayependa kuja aje na jembe lililolika ama shoka lililovunjika, atajifunza kulifua. Ataonyeshwa gobole pia, na chapa yake, na namna ya kuiosha.

Tiyo aiache huku. Ile ni ya maji.

Kapita wa wanafunzi,
kalasi ya mwisho